Riwaya Saba za Kusoma Bila Kuulizwa Dhamira

Kila UE ikiisha, swali linalozunguka hosteli ni moja: nani ana sizoni mpya? Flashi zinapita chumba hadi chumba, kompyuta zinajaa, na kabla likizo haijafika katikati watu wameshamaliza sizoni tatu za Kikorea. Sina ugomvi na hilo, mimi mwenyewe nimo. Ila hebu geuza swali, uliza nani ana riwaya nzuri. Chumba kinanyamaza kama semina ambayo hakuna aliyepitia desa. Mwisho mmoja atasema aliwahi kusoma Takadini. Lini? Kidato cha tatu.

Ukiendelea kudadisi utapewa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba riwaya za Kiswahili ni za mtihani: unasoma peni ikiwa mkononi, unawinda dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi, ukishavipata unafunga kitabu. Ya pili inatoka kwa wapenzi wa maajabu, wale waliokua na filamu za Harry Potter. Wao wanasema Kiswahili hakina fantasia, ukitaka mambo hayo nenda kwa Wazungu.

Sababu ya kwanza naielewa, ndivyo tulivyofundishwa. Ya pili si kweli, na ushahidi uko rafu za maktaba. Kwa hiyo nimeandaa orodha ya riwaya saba. Nyingine ni za ajabu, nyingine za ujana, na zipo zilizobeba yote mawili. Tano ni za Kiswahili, mbili za Kiingereza. Kwa kila moja nimesema inamfaa nani, maana kitabu kizuri akipewa mtu asiye wake kinageuka adhabu.

FANTASIA INAFANYAJE KAZI

Jini peke yake hatoshi kuifanya riwaya iwe ya ajabu. Hadithi nyingi zina mganga au mzimu anayepita tu na kuondoka. Riwaya ya ajabu inajenga ulimwengu wenye sheria zake, na sheria hizo zinawabana hata wenye nguvu. Ukitaka kujua kama mwandishi yuko makini, jiulize maswali mawili unaposoma: uwezo huu unatoka wapi, na anayeutumia analipa nini? Mhusika akiweza kufanya lolote, saa yoyote, bila gharama, hakuna cha kumhofia. Utasinzia ukurasa wa 40.

Kazi yake nyingine ni kusema yasiyosemeka. Mwandishi asiyeweza kumtaja mkubwa kwa jina anaweza kuichukua nchi nzima akaitundika angani, kisha akasema anachotaka. Waandishi wetu wamefanya hivyo zaidi ya mara moja, utaona hapa chini.

Riwaya ya vijana ni kitu kingine, ingawa mara nyingi viwili hivi hutembea pamoja. Humo mhusika mkuu ni kijana, na maswali yanayomsukuma ni ya umri wake: mimi ni wa nani, naweza nini, wazazi wangu walinificha nini? Inaweza kuwa na maajabu, inaweza isiwe nayo kabisa.

1. ADILI NA NDUGUZE, Shaaban Robert (1952)

Anza na hiki kama hujasoma riwaya tangu uvue sare. Ni kifupi, wikiendi moja inatosha. Adili ni liwali chini ya Mfalme Rai. Ni mtu mwema, anapendwa na raia, lakini ana siri: nyumbani kwake kuna manyani wawili, na kila usiku anawapiga. Habari inafika kwa mfalme, ambaye anapenda wanyama kupita kiasi, na Adili anaitwa kujieleza. Hapo ndipo tunapojua manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, na kwamba jini aitwaye Huria ndiye aliyewageuza.

Rudi kwenye yale maswali yangu mawili. Adili hawapigi nduguze kwa kupenda. Ameamriwa na Huria, na hana uhuru wa kuacha. Anawalisha vizuri, analia, kisha anachukua mjeledi. Hiyo ndiyo bei, na analipa mtu ambaye hakukosa. Shaaban Robert hakuitoa hewani hadithi hii. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha Abdallah bin Fadhil, ambaye nduguze wawili wamegeuzwa mbwa. Ukisoma vyote viwili utaona jinsi mwandishi wa Tanga alivyochukua kisa cha mbali akakivika Kiswahili chake.

Kinamfaa: aliyechoka, asiye na muda, na yeyote mwenye ndugu wanaomwonea wivu.

2. KUSADIKIKA, Shaaban Robert (1951)

Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria. Mbele ya mfalme na baraza, Karama anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta mambo yenye faida kwa Kusadikika. Kila mmoja alirudi na ujuzi, na kila mmoja akaambulia adhabu.

Sasa tazama mwaka. 1951, Tanganyika iko chini ya Waingereza, na mwandishi mwenyewe ni mtumishi wa serikali hiyohiyo. Angeandika waziwazi kwamba watawala wanawaadhibu wanaoleta maarifa, sijui kama kitabu kingefika kiwandani. Akaiweka nchi angani. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama sauti dhidi ya ukoloni, lakini mimi nikikisoma leo naona pia kikao chochote ambacho mtu mwenye wazo jipya anaambiwa, "Wewe umetumwa na nani?"

Tahadhari: lugha yake ni ya heshima, imenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Kurasa kumi za kwanza zinataka subira. Ukishaizoea, mwendo unakuwa mzuri. Na ukipenda, nenda kwenye ndugu yake, Kufikirika, iliyotoka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Wenzangu wa Elimu hasa, humo yumo mwalimu wa mtoto wa mfalme, Utubusara Ujingahasara, ambaye mawazo yake kuhusu mafunzo yanamponza. Hiyo mada tunaijua.

Kinamfaa: wa Sheria, wa Siasa, na kila aliyewahi kugombea uongozi chuoni.

3. WALENISI, Katama Mkangi (1995)

Litamke jina taratibu: wale-ni-sisi. Dzombo anahukumiwa na kuingizwa katika chombo cha kuruka ambacho kinapaswa kuwa kifo chake. Badala ya kufa, anafika nchi ambayo watu wanaishi kwa usawa, na kila anachokiona kinamlazimu kukifikiria upya alikotoka. Hapa tuna chombo cha angani, sayari nyingine na kijana mshangaavu, vyote kwa Kiswahili, na ni cha tangu 1995.

Mkangi alikuwa mwanasosholojia na mhadhiri huko Kenya, na katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini na serikali ya wakati ule. Ukilijua hilo, hukumu ya Dzombo unaisoma kwa jicho lingine. Sehemu za katikati zina maelezo mengi ya jinsi nchi ile inavyoendeshwa, na hapo wapo watakaolalamika kwamba ni lekcha. Mimi nasema vumilia, kwa sababu swali la kitabu linabaki kichwani: kama wale ni sisi, nini kinatuzuia?

Kinamfaa: anayependa filamu za anga na anayependa kubishana kwenye vimbweta mpaka taa zizimwe.

4. BABU ALIPOFUFUKA, Said Ahmed Mohamed (2001)

K ni mkubwa serikalini. Ana nyumba, magari na walinzi, na amesahau kabisa alikotoka. Kisha babu yake, aliyekwisha kufa na kuzikwa, anamjia. Anamtoa kwenye starehe zake na kumwonyesha asivyotaka kuviona.

Mzimu wa humu ni shahidi zaidi kuliko kitisho. Kwetu waliokufa hawaendi mbali sana, na riwaya hii inaichukua imani hiyo kwa uzito. Ukweli na ndoto vinachanganyika bila mwandishi kukushika mkono, kwa hiyo utapotea mara moja mbili. Usiogope, K naye amepotea. Kiswahili chake kina ladha ya Zanzibar, na kuna sentensi utataka kumsomea mtu kwa sauti.

Kinamfaa: aliyekwisha kusoma mbili tatu za mwanzo na anataka kupandisha kiwango.

5. SIKU NJEMA, Ken Walibora (1996)

Hii haina jini hata mmoja. Nimeiweka kwa sababu ndiyo riwaya ya ujana ninayoipenda kuliko zote za Kiswahili. Kongowea Mswahili anazaliwa Tanga. Mama yake, mwimbaji wa taarab, anafariki, na kijana anabaki na swali la baba yake yuko wapi. Anafunga safari, anavuka mpaka, anapita Mombasa, anaelekea hadi Kitale. Njiani anakutana na watu wa kila namna.

Walibora, aliyefariki 2020, aliandika kwa Kiswahili kinachotiririka hadi unasahau kwamba unageuza kurasa. Kenya ilikuwa riwaya ya kutahiniwa, kwa hiyo wapo maelfu walioisoma wakiwinda dhamira kama sisi tulivyofanya. Upande huu wa mpaka tuna bahati. Hakuna atakayetuuliza swali.

Kinamfaa: aliyelelewa na shangazi, bibi au mjomba, na anayekaa mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza. Mwaka wa kwanza, hiki ni chenu.

6. A WIZARD OF EARTHSEA, Ursula K. Le Guin (1968)

Wanaodhani shule ya wachawi ilianza na Harry Potter mwaka 1997, wapokee salamu za Ged. Karibu miaka 30 kabla, Le Guin wa Marekani aliandika kuhusu mchunga mbuzi kutoka kisiwa cha Gont anayekwenda kusomea uchawi katika shule ya kisiwa cha Roke. Anataka kumwonyesha mwenzake kwamba yeye ni zaidi. Kwa kiburi hicho anafungua mlango usiofunguliwa, na kivuli kinatoka. Sehemu kubwa ya kitabu ni Ged na kivuli hicho, baharini, kisiwa hadi kisiwa.

Uchawi wa humu unategemea majina. Kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua ana nguvu juu yake. Kwa hiyo watu huficha majina yao na kumwambia yule tu wanayemwamini kabisa. Msomaji aliyekulia Pemba, Mafia au Lamu atajihisi nyumbani kati ya majahazi na pepo za bahari za humu. Na jambo jingine: Ged ana ngozi ya kahawia, na watu wengi wa visiwa vile ni weusi au wa maji ya kunde. Le Guin aliamua hivyo makusudi, wakati ambapo mashujaa wa vitabu vya aina hii walikuwa weupe karibu wote.

Kiingereza chake si kigumu na kitabu si kinene.

Kinamfaa: mwenye GPA kubwa na kiburi kidogo.

7. AKATA WITCH, Nnedi Okorafor (2011)

Hiki nimekiacha mwisho kwa sababu nina la kusema.

Sunny ana miaka 12. Alizaliwa New York, wazazi wake ni Wanigeria, na sasa wanaishi Aba, Nigeria. Ana ualbino. Anapenda mpira wa miguu lakini jua halimruhusu kucheza mchana. Shuleni wanamtania. Kisha anagundua kwamba yeye ni mmoja wa watu wenye uwezo wa ajabu, na pamoja na rafiki zake Orlu, Chichi na Sasha anaanza kufundishwa.

Sheria za ulimwengu huu zitamfurahisha mwalimu yeyote. Kila unapojifunza jambo la kweli, fedha za chuma ziitwazo chittim zinaanguka kutoka hewani miguuni pako. Ukielewa kitu kigumu zaidi, zinaanguka nyingi zaidi. Hebu fikiria bumu lingekuja hivyo. Zaidi ya hilo, katika jamii ile kile ambacho dunia ya kawaida inakiita kasoro mara nyingi ndicho kinachobeba kipaji cha mtu. Orlu anapata shida kusoma, na uwezo wake ni kutengua uchawi wa wengine. Ualbino wa Sunny nao unahusiana moja kwa moja na anachoweza kukifanya.

Nilipokuwa TP mwaka jana, katika sekondari moja ya kata, nilikuta kidato cha tatu wanasoma Takadini. Ni riwaya nzuri ya Ben Hanson: Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii inayotaka watoto wa namna hiyo wauawe, na anakimbia naye usiku kumwokoa. Darasani kulikuwa na mvulana mwenye ualbino. Kabla sijafika, wenzake walikwisha mbatiza jina. Walimwita Takadini, uwanjani, kwenye foleni ya uji, kila mahali. Alikuwa anaitika.

Niliongea na darasa, na mwalimu wa darasa naye akaongea nao. Lakini yaliyonikaa ni maneno ya mvulana mwenyewe, siku alipoleta madaftari ofisini. Aliuliza, "Madam, kuna kitabu kingine chenye mtu kama mimi?"

Nilikuwa na Akata Witch kwenye begi. Kiingereza chake kingemchosha, kwa hiyo nikawa namsimulia kwa Kiswahili, kipande kipande, mapumziko ya saa nne. Siku ya pili walikuja watatu. Wiki ya pili walikuwa kama kumi na tano, wamekaa kwenye ngazi, wanabishana Sunny atamshinda vipi yule muuaji wa watoto. Mvulana yule alikuwa anawasahihisha wenzake waliosahau kisa. Lile jina sikusema limekufa kabisa, ila nililisikia mara chache zaidi, na kuna siku nilisikia mtu akimwita Sunny naye akacheka kwamba Sunny ni msichana.

Sisemi Takadini kitolewe. Kimefundisha huruma kwa vijana wengi, katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kweli. Ninachosema ni kwamba kikiwa peke yake, mtoto yule anajiona mara moja tu katika vitabu vyote vya shule, na anajiona akiwa mchanga mgongoni mwa mama, anakimbizwa. Kitabu cha pili kilimpa umri wake, rafiki, mpira na kazi ya kufanya. Viwili kwa pamoja vinatosha kuanzia.

Kinamfaa: kila mtu. Wa Elimu kwa lazima. Ukikimaliza na bado una njaa, kuna Akata Warrior (2017) na Akata Woman (2022), na ukitaka kizito zaidi tafuta Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi (2018), kinachochota kwenye orisha wa Wayoruba. Hicho kina kurasa zaidi ya 500, jipange.

JINSI YA KUSOMA BILA KURUDI DARASANI

Usishike peni. Najua mkono unawasha, lakini ukianza kupigia mistari unarudi kwenye mtihani. Soma kwanza, maswali yatakuja yenyewe ukiwa kwenye foleni ya chakula.

Jipe kurasa 30. Zikiisha na bado kitabu hakijakushika, kiweke chini bila kujilaumu, chukua kingine katika orodha. Hakuna sapu.

Someni wawili. Tafuta mtu mmoja, someni kitabu kimoja wiki moja, mbishane. Riwaya ya ajabu inanoga zaidi ukiwa na mtu wa kumuuliza, "Hivi ungekuwa wewe ni Adili, ungepiga?"

Kuhusu kuvipata: vya Kiswahili anzia maktaba kuu, upande wa fasihi, na uulize wahudumu, maana vingine viko na havijaguswa siku nyingi. Maduka ya vitabu vya shule huwa navyo, na wauza vitabu wa mitumba mjini mara nyingine wana hazina chini ya rundo. Kabla hujaomba PDF ya wizi kwenye grupu, kumbuka mwandishi wa Kiswahili hauzi mamilioni. Nakala moja ikinunuliwa na watu wanne kwa mchango, bei yake haizidi ya bando la wiki.

Mwakani wengi wetu wa Elimu tutakuwa na madarasa yetu. Mtaala utatuletea vitabu vyake na tutavifundisha, dhamira na migogoro na vyote. Lakini kuna siku mwanafunzi atabaki mlangoni baada ya kipindi, aulize kama kuna kitabu kingine. Inabidi tuwe na jibu, na jibu lenyewe liwe limesomwa. Nakala yangu ya Adili na Nduguze iko chumbani. Anayeihitaji aje, ila airudishe kabla ya TP, mwaka huu nakwenda nayo.